Mkono Unasemaje, Mama Asumani

Mama Asumani,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakusihi: yote yaliyomo humu yabaki kwako. Najua huko uliko umewakuta majirani wengi wa Rwezamenyo, wengine uliwaosha na kuwavisha sanda kwa mikono yako, na najua ulivyopenda kukaa nao kibarazani kusimulia. Haya usiyasimulie. Hata mumeo usimwambie. Sijamweleza mtu yeyote, na nikimaliza kuandika nitaikunja karatasi hii niishone ndani ya mto wangu. Tunza siri hii hadi Jumatatu tu. Baada ya hapo haitakuwa siri tena.

Jana tumekusomea arobaini. Watu walijaa hadi barabarani. Asumani alituma salamu kutoka aliko, akalia kwenye simu mpaka tukamkatia ili apumzike. Mimi nilikaa pembeni ya masufuria nikimenya ndizi, maana kila aliyenishika bega na kunipa pole kwa kuwa nilikuwa kama binti yako, nilitaka kumng'ata mkono.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umefungwa kitambaa. Nitakueleza, ila lazima nianze pale nilipokukosea.

Unakumbuka wiki ile ya mwisho ya Ramadhani, Patroni, mwenye duka letu, alipoleta madumu manne ya mafuta ya harufu ya mdalasini na asumini? Alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Alitaka yaingie kwenye losheni ya Idi, na mimi karani wake nichape lebo haraka. Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi ya kiwandani, kwa Kiingereza. Ukaniambia nisome. Nikasoma kwamba harufu ile haikutoka kwenye mdalasini wowote, ilitengenezwa maabara, na kwamba kiasi kile ni cha bidhaa za kuoshwa tu, kama sabuni na shampuu, si za kubaki mwilini. Ukaacha kukoroga. Ukamwambia Patroni, "Sabuni inakaa dakika moja kisha inakwenda na maji. Losheni inalala na mtu."

Yeye akacheka. "Mama, hii si mukorogo. Wakaguzi wanatafuta mukorogo, wanatafuta cream za kuchubua. Hii ni harufu tu. Harufu haiui."

Ukasema utaweka nusu ya kiasi, na hata hiyo nusu haitatoka dukani kabla ya mkono kuongea.

Mkono huo ulikuwa wangu. Wako ulishachoka. Miaka yote ile ya kujipaka kila kitu kipya kabla ya mteja ilikuwa imeuharibu, kiasi kwamba hata maji ya waridi yaliuvimbisha, na vidole vyako vilipasuka kila ulipogusa kizibo. Nilipoajiriwa ukauangalia mkono wangu kama fundi anavyoangalia ubao mzuri. "Karani wa kalamu," ulikuwa ukiniita hivyo ili wateja wasije wakanichanganya na karani-ngufu, wale wabeba mizigo wa Nyabugogo, "karani wa kalamu, leo utafanya kazi na mkono mwingine." Ukanipaka tone moja, ukaweka kipande cha pamba na kitambaa, ukafunga. Sheria yako ilikuwa moja na hukuwahi kuibadilisha: juu ya kiwiko, siku tatu, bila maji. Juu ya kiwiko kwa sababu sisi ni watu wa udhu, na mara tano kwa siku maji yanapita kuanzia vidoleni hadi kiwikoni. Kinachopakwa chini ya hapo hakifiki hata swala ya pili. Ulinieleza mara moja tu, ukaamini nimeelewa.

Nilielewa, Mama Asumani. Hapo ndipo penye uchungu wote. Nilielewa.

Wiki ile mkono wangu wa kushoto ulikuwa na majaribio mawili juu ya kiwiko, na wa kulia mawili mengine. Hapakuwa na nafasi. Wewe ulikuwa na wateja hadi mlangoni, ukanipa tone lile kwenye kijiti ukaniambia nijipake mwenyewe. Nikajipaka chini, upande wa ndani wa mkono, mahali pepesi pa kufunga. Nikajiambia ngozi ni ngozi. Adhuhuri nikasimama kwenye bomba la nyuma nikatia udhu, na kitambaa kikalegea, kikaanguka kwenye mfereji. Nilikiangalia kikienda na povu. Niliweza kurudi ndani nikakuambia. Lakini kurudi kungemaanisha kuanza upya siku tatu, na Idi ilikuwa inafika, na Patroni alikuwa ameshagonga meza yangu mara mbili akiuliza lebo. Niliogopa. Mimi ni mtu wa kuogopa, unanijua. Naogopa hata simu ikiita.

Siku ya tatu ukaja mezani kwangu ukifuta mikono kwenye kanga. "Mkono unasemaje?"

Nikakuonyesha ngozi safi iliyooshwa mara kumi na zaidi. Nikasema, "Hausemi kitu."

Ukachukua daftari letu la mikono, ukanipa kalamu, na mimi, kwa mwandiko wangu mzuri uliokuwa ukiusifu, nikaandika tarehe, jina la harufu, na neno moja: *safi*. Kwenye lebo nikachapa neno moja pia mahali pa yote yaliyokuwa ndani ya madumu yale. Nikachapa *manukato*. Ndivyo Patroni alivyotaka, na ndivyo lebo zote zinavyofanya, chupa baada ya chupa. Neno zuri. Mtu anaweza kuficha simba ndani yake.

Solange wa Niboye alinunua chupa tatu. Unamkumbuka, yule binti mcheshi aliyekuambia anataka siku ya harusi mume amnuse kabla hajamwona. Ulimcheka hadi ukashika ubavu. Alijipaka asubuhi na jioni, uso, shingo, kifua. Ilipoanza kumuwasha akadhani ni joto, akaongeza. Kufikia wiki ya harusi macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe na ngozi ya shingo ilikuwa inatoa maji. Upande wa mwanamume walikuja, wakamwangalia, wakanong'ona kwamba amejichubua kwa mukorogo na sasa anavuna. Wakarudisha maneno. Harusi ikafa.

Na kaka yake akaja.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, watu wanatoka kwenye kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, majembe bado begani. Tulikuwa tumefungua duka muda si mrefu. Nilimwona kupitia kioo: kijana mwenye mabega mapana, karani-ngufu wa Nyabugogo, ameshika mshikio wa chuma wa toroli lake. Sikuelewa kwa nini mtu abebe mshikio bila toroli. Hadi leo akili yangu inarudi pale, kwenye ile sekunde ya kijinga, nikijiuliza toroli liko wapi.

Hakusalimia. "Nani iko nachanganya hizi mafuta?"

Patroni alikuwa ameshapita mlango wa nyuma. Mimi niliyeandika *safi* nilikuwa hatua nne kutoka kwa kijana yule. Wewe ukainuka kwenye kigoda.

"Ni mimi, mwanangu. Weka hicho chuma chini, tuongee."

"Uongee na dada yangu. Midomo yake imepasuka, hawezi."

Pigo la kwanza lilikwenda kwenye rafu. Chupa zote za juu zilipasuka pamoja, harufu ikalipuka, mdalasini, asumini, udi, limau, zote zikatuingia kooni kwa wakati mmoja. La pili ulilikinga kwa mkono, na nikasikia mfupa. Sikuwa najua kwamba mfupa una sauti kama ya kijiti cha kuchanganyia. La tatu lilikupata juu ya sikio. Ulianguka kwenye mafuta na vioo, ukajaribu kuinuka, mkono ukateleza, ukaanguka tena, naye akakupiga mgongoni, na tena, na kila akipiga analia kwa sauti, analia kama mtoto, anataja jina la dada yake. Nje watu wanapiga kelele, "Mukorogo! Wanachubua watu!" Wana majembe. Hakuna aliyeinua jembe. Hakuna aliyemzuia pia.

Na mimi? Nilikuwa chini ya meza. Nimekumbatia daftari kifuani, nimeuma ukingo wake. Alama za meno yangu bado ziko kwenye jalada. Ningeweza kutoka na kusema maneno mawili. *Ni mimi.* Yalikuwa mdomoni, yamekaa na vumbi la karatasi. Uligeuza uso ukaniona pale chini. Damu ilikuwa inaingia jichoni na bado uliniona. Ukanifanyia ishara kwa vidole, ishara ile ya kila siku unapotaka ninyamaze wakati mteja ana hasira.

Nikanyamaza. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba umeniruhusu.

Ulikufa siku ya tatu, ile siku tunayofungua kitambaa.

Nilikwenda kwa waoshaji, wakaniruhusu kushika chombo cha maji. Walipokuvua mikono ya gauni wakasimama. Kuanzia kiwiko hadi begani, pande zote mbili, makovu yako ya miaka: mviringo mwekundu, mviringo mweusi, mviringo mweupe, yamepangana kama mihuri. Mmoja wao akauliza, "Alikuwa anachomwa na nani huyu mama?" Nikawaambia ni kazi yake. Nikawaambia kila alama ni mteja ambaye hakuungua. Hawakunielewa. Na mmoja alipotoa chupa ya manukato ya dukani ili akupake, nilimpokonya. Nilimpokonya kwa nguvu, tukavutana juu ya mwili wako, nikamkwaruza. Nikasema kafuri tu, basi. Ukaenda na kafuri.

Solange alikuja matangani. Alisimama getini amejifunika shali. Wanawake walimjua. Mmoja akamtemea mate, mwingine akaivuta shali ikatoka, na sote tukauona uso. Sitakueleza sana. Ulikuwa kama ndizi iliyomenywa kabla ya wakati.

Solange akasema, "Mimi sikumutuma kaka yangu." Halafu akanitafuta mimi, kwa sababu aliniona siku zote mezani na kalamu. "Daktari anasema nisiguse tena hiyo kitu maisha yangu yote. Lakini hajui ni kitu gani. Kwa chupa imeandikwa manukato tu. Iko ndani ya sabuni? Iko ndani ya mafuta ya nywele? Mimi nitajuaje? Nipe tu jina yake."

Jina lake nilikuwa nalijua. Lilikuwa kwenye karatasi ya kiwandani, ndani ya droo yangu. Nikamwambia sijui.

Baada ya hapo sikuweza kula. Wiki iliyofuata, duka likiwa limefungwa kwa msiba, nilichukua ufunguo wa stoo nikaenda kwenye yale madumu. Mawili bado yamejaa. Nikachanganya losheni kama ulivyochanganya, nusu ya kiasi, nikajipaka tone moja. Mkono wa kushoto. Juu ya kiwiko. Pamba, kitambaa, nikafunga kwa meno. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili nikiwa kwenye pikipiki kuelekea Niboye kwa mama mdogo, paliwaka kana kwamba mtu amezima sigara pale. Siku ya tatu nikafungua. Malengelenge yamejaa maji, na chini yake ngozi imekuwa nyekundu mbichi. Nikajipaka tena mara ya pili pembeni, kwa ukaidi, ili niwe na hakika. Mara ya pili haikusubiri siku.

Mkono umesema, Mama Asumani. Ungesema tangu Ramadhani kama ningeuacha useme.

Sasa nisikilize, kwa sababu haya ndiyo yamenifanya nishike kalamu. Juzi Patroni aliniita stoo. Duka limefunguliwa tena, kioo ni kipya, sakafu imepakwa rangi, ila jua likipiga mdalasini bado unapanda kutoka kwenye nyufa. Alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni lebo mpya, jina jipya, ua jipya, losheni ile ile. Anataka kuimaliza. Ya pili ni maelezo yangu kwa wapelelezi, ameyaandika yeye, yanasubiri saini. Yanasema marehemu alizidisha kiasi kwa makusudi bila kumwambia mtu, kwamba alikuwa mzee, kwamba pua yake haikuwa inanusa tena.

Pua yako. Pua iliyokuwa inajua mteja amekula nini kabla hajafungua mdomo.

"Marehemu hafungwi, Saidati," akasema taratibu. "Weka saini yako, jina iwe yake. Sisi wazima tuendelee kula."

Nikasema karatasi ya kiwandani inasema ni ya sabuni. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini nilisema. Akafungua kizibo cha dumu, akanishika shingo kwa nyuma kama anavyoshikwa kuku, akanisukuma uso hadi mdomo wa dumu ukanikata chini ya jicho. "Nusa," akasema. "Nusa vizuri. Imeua nani? Harufu imeua nani?" Machozi yalinitoka, kamasi zikanitoka, pumzi ikakatika. Alinishikilia hadi nikaacha kupambana. Kisha akanifuta uso kwa leso yake mwenyewe, akaniambia nina mpaka Jumatatu mchana.

Nikuambie kitu ambacho karani mwoga hapaswi kuandika. Pale, uso ukiwa ndani ya dumu, niliona wazi jinsi ya kumuua. Niliuona mshikio ule wa toroli mkononi mwangu. Nilisikia mfupa wake, ule mlio wa kijiti. Akilini mwangu nilimvunja vidole kimoja kimoja kwa kizibo, nikammiminia mafuta yale machoni, nikasubiri siku tatu. Nikatoka nikatapika kwenye mfereji ule ule uliochukua kitambaa changu. Na ndipo nikamwelewa kaka yake Solange, na kumwelewa hakukunifanya nimsamehe. Yuko rumande, atahukumiwa kwa mkono wake. Kosa langu halimpunguzii hata pigo moja. Lakini nilijua nikitia saini nitakuwa nimekupiga kama yeye, na wewe ukiwa tayari chini.

Sikutia saini.

Wakati Patroni amekwenda kuswali Ijumaa, nilijaza chupa tatu ndogo kutoka kwenye dumu, nikachukua karatasi ya kiwandani, nikachukua daftari letu la mikono. Yote yako hapa kitandani. Nimefungua ukurasa ule mara nyingi. Nilishika wembe. Neno *safi* ni fupi, lingefutika bila kuacha alama kubwa, na daftari lingebaki kuwa ushahidi dhidi ya Patroni peke yake. Nilikwaruza herufi ya kwanza kidogo. Halafu nikakumbuka makovu yako pale kwenye ubao wa kuoshea, jinsi hukuwahi kuficha hata moja, na nikauweka wembe.

Chini ya neno lile nimeandika, kwa mwandiko ule ule: *Si kweli. Nilipaka chini ya kiwiko, maji ya udhu yakaosha. Mama Asumani hakujua. Nimerudia mwenyewe juu ya kiwiko, ngozi imeungua.* Nikatia saini hapo. Hiyo ndiyo saini watakayoipata Jumatatu.

Asubuhi hiyo nitaanza kwa Solange. Jina la kile kitu nimelinakili kwenye kadi ngumu, herufi kwa herufi, pamoja na majina mengine mawili kinayoitwa, ili aiweke kwenye pochi na kuilinganisha na kila chupa atakayoishika. Nitamwambia nilimdanganya. Akinipiga, nitasimama. Kutoka hapo nitakwenda kwa wakaguzi wa vipodozi na daftari, chupa na mkono, kisha kwa wapelelezi. Naogopa kila hatua. Nimeshaharisha mara mbili tangu alfajiri. Naogopa jela, naogopa Patroni, naogopa Asumani atakapojua kwamba mama yake alinificha na mimi nikakubali kufichwa. Lakini madumu mawili yamejaa, na kuna mabinti wengine wanaotaka kunuswa kabla hawajaonekana.

Lala salama, mama yangu wa kazi. Nakuahidi hili tu, dogo: sitachapa tena neno moja mahali pa mengi, na hakuna kitakachotoka mkononi mwangu kwenda kwenye ngozi ya mtu kabla ya siku tatu kamili. Kama nitakuwa na kazi. Kama nitakuwa nje.

Ukitaka kunipata, usije dukani. Simu ya dukani Patroni ndiye anayo, na meza yangu naiacha. Nimehamia Niboye kwa mama mdogo, geti la kijani lenye mti wa parachichi, chumba cha uani. Usigonge. Tangu ile Jumamosi siwezi kusikia chuma kikigonga chuma. Simama nje uniite karani wa kalamu, mara moja inatosha, nitafungua. Kama hujazoea kuja ndotoni, njoo alfajiri kwenye bomba la uani, utanikuta nimekunja mikono ya gauni natia udhu. Na usinitafute kwa harufu, sijipaki chochote tena. Nitambue kwa kovu: mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, pale ambapo maji hayafiki.

Wako,
Saidati